Uso wa Mama: Sonona ya Mzazi, Malezi, na Ukuaji wa Moyo wa Mtoto

1. Utangulizi

Kila Jumapili, kabla washarika hawajatawanyika, mchungaji huinua mikono na kuwatamkia baraka ya Haruni (Hes. 6:24-26). Katika maneno hayo machache uso wa Bwana unatajwa mara mbili. Kwa Mwisraeli kuelekezewa uso wa Mungu kulikuwa ni uhai, na kufichwa uso huo kulikuwa ni kama kushuka kaburini. Ndiyo maana mwenye kuomba katika Zaburi ya 13 analalamikia kusahauliwa na kufichwa uso kabla hajamtaja adui yake.

Lakini kabla mtoto hajafundishwa habari za uso wa Mungu, kuna uso mwingine ambao amekwisha kuujua. Ni uso wa yule anayemnyonyesha, anayemwogesha na kumbembeleza. Kwa watoto walio wengi huo ni uso wa mama. Je, mtoto hupatwa na nini pale uso huo unapozimwa na ugonjwa wa huzuni? Nalo Kanisa, ambalo limembatiza mtoto huyo na kumpokea mama huyo katika ibada ya shukrani baada ya kujifungua, lina wajibu gani?

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, sonona ya mama ni ugonjwa, si dhambi wala si uvivu. Pili, ugonjwa huo unaweza kudhoofisha ukuaji wa hisia za mtoto, kwa njia ambazo leo zinafahamika vizuri. Tatu, madhara hayo yanaweza kuzuilika na kupunguzwa, na usharika unayo nafasi kubwa katika kazi hiyo, mradi mchungaji ajifunze kuutambua ugonjwa kabla ya kumhukumu mgonjwa.

2. Sonona ni nini?

Katika lugha yetu kitenzi kusonona kina maana ya kuumia moyoni kwa huzuni. Wataalamu wa afya ya akili wamelichukua neno hilo na kuuita ugonjwa huu sonona. Si kila huzuni ni sonona. Wanawake wengi hulialia na kukosa utulivu katika siku chache za kwanza baada ya kujifungua. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya majuma mawili. Sonona hukaa. Mgonjwa hupoteza furaha na hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na ulaji hubadilika, nguvu humwishia, hujilaumu kupita kiasi, hushindwa kufikiri sawasawa, na pengine hutamani kufa. Ugonjwa huu unaweza kuanza hata wakati wa ujauzito.

Tena ni lazima kuutofautisha na ugonjwa mwingine, ulio nadra lakini ni wa hatari zaidi, ambao humpata mama mmoja au wawili katika kila wazazi elfu moja. Huyu huona au husikia mambo yasiyokuwapo, huchanganyikiwa, na huweza kuyadhuru maisha yake au ya mtoto. Mama wa namna hii apelekwe hospitali siku ile ile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea makadirio hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Kwa hiyo mchungaji aliyebatiza watoto wachanga 50 katika mwaka mmoja na afikiri kwamba huenda mama saba au hata kumi kati yao walisimama mbele ya kisima cha ubatizo wakiwa wagonjwa. Je, alimtambua hata mmoja?

Sababu moja ya kutowatambua ni lugha wanayoitumia. Ni mara chache mama wa kijijini atasema, “Nina huzuni.” Atasema kwamba kichwa kinamwaka moto, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, au kwamba anawaza sana. Washona wa Zimbabwe wana neno lao kwa jambo hili, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Asiyeisikiliza lugha hiyo atampa mgonjwa dawa ya kichwa na kumwacha aende zake.

3. Jinsi moyo wa mtoto unavyokua

Baadhi ya maarifa tuliyo nayo kuhusu uhusiano wa mama na mtoto yalianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga wa Kiganda pamoja na mama zao. Matokeo yake yalichapishwa katika kitabu mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayemtumaini mama yake humfanya kuwa kituo cha usalama: hutambaa kwenda kuichunguza dunia, hugeuka kumtazama, na akiogopa humrudia. Mtoto asiye na hakika kwamba atajibiwa hulia sana na kung’ang’ania, au huonekana kama asiyejali. Baadaye Ainsworth alitilia mkazo jambo moja katika malezi, nalo ni mama kuzitambua dalili za mtoto wake na kuzijibu kwa wakati ufaao.

Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Mama hucheza na mtoto wake mchanga kama kawaida. Kisha, kwa dakika chache, hutakiwa kumtazama bila kutabasamu, bila kusema, bila kumgusa. Mtoto hushtuka mara moja. Hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, akifanya kila awezalo ili uso ule uliokauka urudi kuwa hai. Asipofaulu, hugeuza uso wake pembeni, hulegea au hulia.

Jaribio hili lafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto mchanga si chombo kitupu kinachongoja kujazwa chakula. Ni mtu anayezungumza kwa macho na sauti, naye hutazamia jibu. Katika mazungumzo hayo hujifunza kwamba kilio kina faraja, kwamba hofu ina mwisho, na kwamba yeye ana thamani. Jambo la pili ni faraja kwa wazazi wote. Tronick aligundua kwamba hata mama mwenye afya njema hapatani na mtoto wake kila dakika. Wanapolingana kikamilifu ni kama theluthi moja tu ya muda wao. Kinachomjenga mtoto ni kwamba wanapokosana hupatana tena. Mtoto hahitaji mama asiye na kosa, bali mama anayerudi.

4. Sonona inavyoyagusa malezi

Sasa tunaweza kuona shida iko wapi. Mama mwenye sonona anampenda mtoto wake, na mara nyingi hulia kwa sababu hauhisi upendo anaojua kwamba anao. Lakini ugonjwa umemnyang’anya nguvu za kujibu. Uso wake hubaki mkavu, si kwa dakika mbili za majaribio, bali kwa majuma na miezi. Huzungumza na mtoto mara chache, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wengine hawajitengi, bali huwa wakali: humshika mtoto kwa nguvu, humkatiza mchezo wake, hukasirishwa na kilio chake. Mtoto hupata ama ukimya ama ghadhabu, naye hawezi kujua kipi kitakuja.

Madhara hutofautiana kwa umri. Mtoto mchanga huweza kuwa mnyamavu na mzito, akaacha kuzitafuta nyuso za watu, au akawa mtoto wa kulia asiyebembelezeka. Huenda akaachishwa kunyonya mapema, na katika nyumba maskini hata uzito wake huathirika. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anajifunza kuzitawala hasira na hofu zake, na hujifunza kwa kutulizwa kwanza na mtu mwingine. Asipotulizwa hubaki na moto asioweza kuuzima. Lugha yake pia huweza kuchelewa, kwa maana hasemezwi vya kutosha.

Mtoto wa umri wa shule hupatwa na jambo jingine. Akimwona mama amelala mchana na kulia usiku, naye hakuna aliyemweleza sababu, hujitafutia maelezo mwenyewe, na maelezo ya mtoto karibu sikuzote ni haya: mimi ndiye niliyemhuzunisha. Wengine hugeuka kuwa wazazi wa mama yao. Msichana wa miaka tisa hupika, hulea wadogo, huchunga asiseme neno la kumwudhi mama, naye husifiwa na watu wote kwa utii wake. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amtazame kwa makini mtoto mtiifu mno. Katika ujana baadhi ya watoto hawa huingiwa na sonona wao wenyewe.

Hata hivyo ni lazima kusema kwa uangalifu. Hayo ni mambo yanayoweza kutokea, wala si hukumu iliyokwisha kuandikwa. Watoto wengi wa mama walio na sonona hukua vizuri. Hatari huongezeka ugonjwa unapokuwa mkali na wa muda mrefu, na unapofuatana na umaskini, kipigo nyumbani, ulevi wa mume, au upweke. Hupungua pale ambapo mtoto ana mtu mwingine wa kumwitikia. Wala tusisahau kwamba baba naye huugua sonona, na ugonjwa wake huigusa nyumba nzima.

5. Mzigo wa lawama

Jambo linaloongeza ugonjwa huu katika jamii zetu ni lawama. Miongoni mwa Waganda kuna imani ya kale juu ya ugonjwa uitwao amakiro, ambao humpata mwanamke baada ya kujifungua. Wengi waliamini kwamba chanzo chake ni uzinzi wakati wa ujauzito. Daktari John Cox, aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, aliichunguza imani hiyo, na katika utafiti wake alikuta kwamba takriban mama mmoja katika kumi alikuwa na sonona baada ya kuzaa. Aliporudi Uskoti alishiriki kutunga orodha ya maswali kumi ya kutambulia sonona ya wazazi, iliyochapishwa mwaka 1987 na kutumika leo katika nchi nyingi. Hebu tuifikirie hali ya mama wa amakiro. Aliugua, na kwa kuugua kwake akahesabiwa kuwa mzinzi. Ni nani angethubutu kusema kwamba anaumwa?

Tusidhani kwamba Kanisa limeepukana na kosa hilo. Mara ngapi mama wa namna hii ameambiwa kwamba ana pepo, au kwamba haombi vya kutosha, au kwamba hana shukrani kwa zawadi ya mtoto! Maombi ni haki yake, nasi tusimnyime. Lakini kumwambia mtu aliyevunjika mguu kwamba angekuwa na imani angekimbia, hiyo ni Sheria bila Injili.

Kosa hili ni la kikuhani tangu zamani. Hana alipokuwa akiomba kwa uchungu huko Shilo, kuhani Eli alimtazama midomo yake, akamdhania kuwa mlevi, akamkemea (1 Sam. 1:12-14). Eli hakuwa mtu mbaya. Alihukumu kwa macho kabla ya kuuliza. Lakini alipoelezwa alinyamaza, akasikiliza, akambariki. Maandiko yaeleza kwamba Hana alikwenda zake akala chakula, na uso wake ukabadilika (1 Sam. 1:18). Hapo Hana alikuwa bado hajapata mimba. Alichopata kwanza ni kusikilizwa.

Isaya 49:15 nayo hutumiwa vibaya. Tumezoea kuihubiri kana kwamba inasema mama hawezi kamwe kumsahau mtoto wake, na mama mgonjwa aisikiapo hujiona kuwa si mwanamke. Kumbe nabii hakusema hivyo. Anakubali kwamba hata mama anaweza kusahau. Tumaini la mtoto na la mama mwenyewe limewekwa kwa Mungu asiyesahau. Aya hii haikuandikwa ili kumshtaki mama aliyechoka, bali ili kumbeba.

Martin Luther mwenyewe aliyajua majaribu ya roho yenye giza nene. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, aliyekuwa mwalimu wa watoto wake na mtu wa kuhuzunika sana, akamsihi akimbie upweke na atafute kuwa pamoja na watu. Tena mwaka 1542 aliandika maneno ya kuwafariji wanawake waliopoteza watoto wao katika mimba au katika kuzaa, akiwaonya watu wasiwatishe wala kuwahuzunisha kwa maneno makali, kwa kuwa msiba huo haukutokana na uzembe wao. Mwaka huo huo yeye na Katharina walimzika binti yao Magdalena. Kwa Luther utunzaji wa roho ulikuwa kwanza kuondoa lawama isiyostahili.

6. Tumaini lina msingi

Je, msaada unafaa kitu? Ndiyo. Huko Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona, kuzungumza nao juu ya mawazo yao, afya yao na mtoto wao, na kuishirikisha familia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona kati ya waliotembelewa hivyo walikuwa asilimia 23. Kati ya waliopata matembezi ya kawaida tu walikuwa asilimia 53. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutafuta pamoja nao suluhisho la tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tena mama akipona, mtoto hufaidika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mama waliopata nafuu ndani ya miezi mitatu ya matibabu, matatizo ya akili na tabia ya watoto wao yalipungua. Ambapo wale ambao mama zao hawakupata nafuu, matatizo yao yaliongezeka. Kumtibu mama ni kumtibu mtoto.

Na kama mama anachelewa kupona? Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Kati ya waliokulia katika shida nyingi, ikiwemo maradhi ya akili ya wazazi, theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na upendo. Wengi wao walikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewashika kwa uthabiti: bibi, shangazi, mwalimu, au mtu wa kanisani.

7. Wajibu wa usharika

Kwanza, mchungaji na mwinjilisti waitumie nafasi waliyo nayo. Mazungumzo ya kuandaa ubatizo yasiishie kwenye majina na wadhamini. Mama aulizwe, faraghani: “Katika mwezi huu uliopita, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, mambo uliyokuwa ukiyafurahia bado unayafurahia?” Akijibu kwamba ana huzuni au kwamba furaha imemtoka, mchungaji asikilize, asikimbilie kuhubiri. Kisha aulize bila kuogopa kama amewahi kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja.

Pili, tuwapeleke wagonjwa kwa waganga. Kanisa letu si geni katika kazi hii. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Zipo dawa na mashauri yanayosaidia, na mama anayenyonyesha asikate tamaa, kwa maana daktari aweza kumchagulia dawa inayofaa. Mchungaji si daktari, wala daktari si badala ya mchungaji. Malaika alimpa Eliya chakula na usingizi mara mbili kabla ya Bwana kusema naye mlimani (1 Fal. 19:5-9).

Tatu, tuyahuishe yaliyo mema katika desturi zetu. Wachagga humlea mzazi kwa mtori na mapumziko, na watu wa pwani humhifadhi siku arobaini. Wazee wetu walijua kwamba mzazi ni wa kulelewa kabla hajalea. Leo mama wengi hujifungulia mjini, katika chumba cha kupanga, mbali na mama mzazi na mama mkwe. Umoja wa wanawake wa usharika na uwe ukoo wake: mmoja amletee uji, mwingine amfulie nguo, mwingine ampokee mtoto saa mbili ili alale. Obedi alipozaliwa, Naomi, aliyekuwa amejiita Mara kwa uchungu wake, ndiye aliyemweka mtoto kifuani na kuwa mlezi wake, na wanawake jirani ndio waliompa jina (Rut. 4:16-17).

Nne, wadhamini wa ubatizo wakumbushwe ahadi yao. Mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa anamhitaji mdhamini anayefika nyumbani, anayemtazama, anayecheka naye. Mtoto mkubwa na aambiwe ukweli kwa maneno mepesi: “Mama anaumwa. Si wewe uliyemfanya augue. Tunamtunza, nawe tutakutunza.”

Tano, baba afundishwe. Kumsaidia mke kazi za mtoto si kupoteza heshima ya kichwa cha nyumba, na mume anayemwambia mke mgonjwa kwamba anajifanya humwongezea ugonjwa.

8. Hitimisho

Tumesema kwamba mtoto hahitaji mama asiye na kosa, bali uso unaorudi. Uso wa mama ukizimwa kwa muda, usharika una nyuso nyingi za kumwangazia mtoto mpaka ule wa kwanza upone. Na mama mwenyewe, ajionaye kuwa hana kitu cha kumpa mwanawe, naye pia ni mtoto, aliyebatizwa na kuitwa kwa jina.

Jumapili ijayo tutainua tena mikono yetu na kuitamka baraka ya Haruni. Huenda katika kiti cha nyuma, karibu na mlango, ameketi mama aliyekuja akiwa amechelewa, mtoto mgongoni, macho chini. Baraka hiyo ni yake. Tukisha kuitamka, tusiondoke kwa mlango wa sakristia. Tumfuate hadi mlangoni, tumtazame usoni, tumwulize habari zake, na kungoja ajibu.